Kabla ya Kupuliza Dawa: Matatizo ya Nyanya katika Bustani ya Nyumbani

Mnyanya unaweza kunyauka kwa sababu zisizopungua tano, na tiba ya sababu moja huweza kuwa sumu kwa nyingine: maji yanayouokoa mnyanya wenye kiu huumaliza ule ambao mizizi yake tayari imeoza kwa maji. Majani hujikunja kwa joto, kwa virusi, kwa utitiri, hata kwa dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo kutoka kwa jirani. Tunda huoza kitako bila kimelea chochote kuhusika. Pamoja na hayo, katika bustani nyingi jambo la kwanza kufanyika jani linapobadilika rangi ni kwenda duka la pembejeo, kueleza dalili kwa maneno mawili matatu na kurudi na kichupa. Hasara nyingi za nyanya za nyumbani huanzia hapo, kwenye kutibu kabla ya kutambua, na mengi kati ya matatizo hayo chanzo chake ni msimu, maji au udongo, vitu visivyouzwa dukani.

Bustani ya nyumbani si shamba lililopunguzwa ukubwa. Mkulima wa Ngarenanyuki au Kirinyaga anaweza kuhamishia nyanya kipande kingine cha ardhi na kurudi pale pa zamani baada ya miaka mitatu. Mwenye nyumba ana tuta moja nyuma ya jiko. Nyanya zikitoka huingia bilinganya au pilipili hoho, kisha nyanya tena. Mazao hayo, pamoja na viazi mviringo, nyanya chungu, mnavu na tumbaku, ni ya ukoo mmoja, na vimelea vingi vya ukoo huo havibagui. Mzunguko wa namna hiyo ni wa jina tu. Kinachokata mfululizo ni mahindi, vitunguu au jamii ya kabichi. Pasipo nafasi ya kuzungusha, ndoo za lita 20 au viroba vilivyotobolewa chini ndiyo njia ya kukwepa, kwa sababu udongo ulioambukizwa unaweza kumwagwa mbali na kujazwa mwingine, kazi isiyowezekana kwenye ekari nzima. Faida nyingine ya udogo ni macho. Minyanya kumi inaweza kukaguliwa jani kwa jani, juu na chini, kila asubuhi kabla chai haijachemka, na ukaguzi huo unazidi dawa nyingi kwa manufaa.

Msimu ndio wa kuangaliwa kwanza, maana ukikosewa hakuna ustadi unaoufidia. Lalamiko kubwa la ukanda wa pwani, maua kukauka na kupukutika bila kufunga tunda, mara nyingi si ugonjwa. Chavua ya mnyanya huharibika joto la mchana likipita nyuzijoto 32 hivi, na hali huwa mbaya zaidi usiku unaposhindwa kushuka chini ya 22 au 24. Dar es Salaam na Mombasa mwezi Februari usiku hubaki karibu na nyuzijoto 25. Mmea hurefuka, huchanua vizuri, kisha ua hukatika pale kwenye kifundo kidogo kilicho katikati ya kikonyo chake. Busta za dukani hazishushi joto la usiku. Kalenda ndiyo hushusha: mbegu zikisiwa mwishoni mwa Aprili au Mei chini ya paa la nailoni, miche huwa tayari masika yakiisha, na maua hufunguka Julai na Agosti, wakati usiku wa pwani umepoa hadi karibu nyuzijoto 20. Nyanda za juu hesabu hugeuka. Lushoto, Njombe au Limuru, baridi ya Juni na Julai ikishuka chini ya nyuzijoto 13 nayo huzuia tunda kufunga, na umande wa asubuhi hukaribisha bakajani.

Ua la mnyanya hujichavusha lenyewe, hivyo mti mmoja kibarazani unatosha kuzaa. Linachohitaji ni mtikisiko, na mahali palipozibwa na kuta, pasipo upepo wala nyuki, kugongagonga kikonyo cha shada la maua kwa kidole katikati ya asubuhi huongeza matunda yanayofunga. Maua yakipukutika katika msimu mwafaka na mtikisiko upo, sababu huwa kivuli au mbolea. Mnyanya unahitaji jua la moja kwa moja la saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya mwembe hautazaa kitu, hata udongo uwe mweusi namna gani.

Kitaluni adui ni kinyausi. Mche uliochipua vizuri hulala ghafla, na ukiinuliwa shina linaonekana limenywea na kuwa kama uzi pale linapogusana na udongo. Kuvu wanaosababisha hali hiyo wako karibu kila udongo. Wanachosubiri ni unyevu usiokauka na miche iliyobanana. Kusia kwa mistari, kumwagilia asubuhi tu na kuondoa nyasi za kufunika mara miche inapochomoza hupunguza kinyausi kuliko dawa. Desturi ya kuchoma takataka juu ya kitalu kabla ya kusia ina maana yake, kwa kuwa joto huua vimelea vya tabaka la juu. Kwa ndoo moja au mbili, udongo uliolowanishwa kidogo unaweza kupashwa moto kwenye debe lililofunikwa kwa nusu saa, ukapozwa, ukatumika. Tuta zima hufunikwa kwa nailoni ang'avu likiwa limelowa, kingo zikafukiwa, na kuachwa juani wiki nne hadi sita wakati wa kiangazi.

Miche huhamishwa jioni ikiwa na majani ya kweli manne hadi sita. Mnyanya una tabia ambayo mboga nyingi hazina: sehemu ya shina ikifukiwa huota mizizi. Mche uliorefuka na kulegea kwa kukosa jua hauna haja ya kutupwa. Hufukiwa hadi karibu na majani ya juu, au hulazwa kwenye mfereji mfupi. Mche ukikutwa umekatwa usawa wa ardhi kama kwa wembe, aliyefanya hivyo ni sota, kiwavi wa rangi ya udongo anayetoka usiku na kushinda amejikunja kama pete chini ya bonge la karibu. Ukichimbua kidogo kuzunguka mche uliokatwa humkosi. Pete ya chupa ya plastiki iliyokatwa, ikizamishwa sentimita mbili au tatu kuzunguka kila mche, humzuia kabisa.

Maji ndiyo sura ndefu kuliko zote. Kuoza kitako huanza kama doa la majimaji upande wa chini wa tunda bichi, kinyume na kikonyo. Doa hupanuka, huwa la kahawia kisha jeusi, kavu na gumu kama ngozi, na ukungu mweusi unaoonekana juu yake baadaye ni mpangaji tu aliyekuta nyumba wazi. Kilichotokea ni kwamba kalsiamu haikufika mwisho wa tunda wakati seli zake zilipokuwa zinapanuka. Kalsiamu husafiri na maji yanayovutwa na majani, na tunda, ambalo halipumui maji mengi, hupata mabaki. Tuta likikauka siku tatu kisha likafurikishwa, safari hiyo hukatika, na matunda ya wakati huo huharibika hata kama udongo umejaa kalsiamu. Ndiyo maana unga wa maganda ya mayai, unaosifiwa mno, hausaidii kwa msimu uliopo: huoza polepole mno, na mara nyingi upungufu haukuwa udongoni. Chumvi ya haluli ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa magnesiamu yake hushindana na kalsiamu kuingia mzizini.

Tiba ni kumwagilia kwa kadiri ileile kila mara na kufunika udongo. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa sentimita tano hadi kumi, yasiyogusa shina, hupunguza mno kupanda na kushuka kwa unyevu. Kipimo kizuri ni kidole: kikizamishwa hadi kiungo cha pili na kukuta pakavu, ni wakati wa kumwagilia, kikikuta unyevu, mmea usubiri, hata kama majani ya juu yamelegea kidogo kwa jua la saa nane. Ndoo hukauka haraka kuliko tuta, na mnyanya mkubwa wenye matunda unaweza kumaliza lita 2 au zaidi siku ya joto. Pwani kuna jambo la ziada. Maji ya visima vingi yana chumvi, na chumvi huzuia mizizi kufyonza maji hata udongo ukiwa umelowa. Bustani hizo huoza kitako kila mwaka bila mwenyewe kujua kwa nini. Kukinga maji ya mvua kwenye mapipa, na kuloweka ndoo mara mojamoja mpaka maji yatiririke chini na kuondoka na chumvi, ndiyo nafuu iliyopo. Mbolea yenye amonia nyingi, samadi mbichi ya kuku ikiwamo, nayo huzidisha tatizo.

Kupasuka kwa matunda ni ndugu wa tatizo hilo: tunda linalokaribia kuiva hupokea maji mengi kwa ghafla, ganda likashindwa kutanuka. Mvua kubwa ikitarajiwa, yaliyoanza kugeuka rangi huchumwa. Babuko la jua, doa jeupe linalong'aa upande uliotazama magharibi, hutokana na kupogoa majani kupita kiasi.

Mnyauko ndio unaohitaji upelelezi, na maswali yake yana mpangilio. La kwanza ni udongo: mkavu au umelowa? Mkavu, jibu limepatikana. Ukiwa umelowa siku nyingi na majani ya chini yana rangi ya njano, mzizi uliofukuliwa ukawa wa kahawia na wenye harufu, mmea umezama. La pili ni wakati: mmea unaolala mchana na kuinuka jioni, wiki baada ya wiki, huku ukidumaa, mara nyingi una minyoo fundo mizizini. Ung'olewe mmoja, mizizi yenye vinundu vilivyoota ndani ya mzizi wenyewe, visivyobanduka kwa ukucha, ni ushahidi wa kutosha. Udongo wa kichanga wa pwani ni makazi mazuri kwa minyoo hao. Samadi iliyooza vizuri, kwa wingi, huwapunguza nguvu, na mbegu kinzani ipo: Tengeru 97, aina iliyotolewa Tanzania mwaka 1997, ilichaguliwa kwa kustahimili minyoo hao pamoja na mnyauko wa fusari.

Mnyauko wa fusari hauji siku moja. Njano hupanda kutoka majani ya chini, mara nyingi upande mmoja tu wa mmea au hata nusu moja tu ya jani, na shina likipasuliwa kwa urefu huonyesha mstari wa kahawia chini ya ganda. Mnyauko wa bakteria, unaoletwa na Ralstonia solanacearum, una haraka: mmea uliokuwa mzima Jumatatu hulala Alhamisi ukiwa bado wa kijani, bila jani la njano. Kipimo chake kinafanyika jikoni. Kipande cha shina cha urefu wa kidole hukatwa karibu na ardhi kwa kisu kikali na kuning'inizwa, ncha iliyokatwa ikigusa maji safi ndani ya glasi isiyo na rangi, bila kutikisa. Ikiwa ni bakteria, baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa huanza kushuka kutoka kwenye mkato, taratibu, ukinyooka kuelekea chini ya glasi. Hakuna maradhi mengine ya kawaida ya mnyanya yanayotoa uzi huo.

Jibu la glasi hiyo halipendezi, kwa sababu dawa hakuna. Bakteria hao huishi udongoni miaka mingi, na husafiri kwa maji ya kumwagilia, kwa jembe na kwa nyayo. Mmea hung'olewa pamoja na udongo wa mizizi yake, huchomwa au huzikwa mbali, na jembe huoshwa kabla ya kugusa tuta jingine. Nafasi hiyo haipandwi tena ukoo wa nyanya. Anayetaka nyanya palepale ana njia mbili: ndoo zenye udongo kutoka mahali pengine, zilizowekwa juu ya matofali zisiguse ardhi, au miche iliyobebeshwa juu ya shina la bilinganya lenye ukinzani, ufundi ulioenezwa na Kituo cha Mboga cha Dunia, ambacho kina tawi lake Arusha. Kubebesha kunahitaji wembe, klipu ndogo na siku kadhaa za kivuli chenye unyevu. Mkono mtulivu hujifunza.

Bakajani ni mbili, na kuzichanganya kuna gharama. Bakajani tangulia hupenda joto na huanza na majani ya chini yaliyozeeka. Doa lake lina duara ndani ya duara, kama shabaha, likizungukwa na njano. Huenda polepole, na mmea wenye njaa ya nitrojeni au uliolemewa na matunda hushambuliwa zaidi. Bakajani chelewa, ya kimelea kilekile cha Phytophthora infestans kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, hutaka baridi ya wastani, nyuzijoto 15 hadi 22, na jani lililolowa kwa saa nyingi mfululizo. Doa huanzia pembeni mwa jani, la kijani kilichokolea kama lililomwagikiwa maji ya moto. Asubuhi na mapema, upande wa chini, huonekana utando mweupe kwenye ukingo wa doa. Shina huwa na mabaka ya kahawia, na tunda bichi hupata baka gumu la kahawia lenye mng'ao wa mafuta. Bustani nzima inaweza kwisha ndani ya wiki moja.

Zote mbili hutegemea jani lililolowa, na hapo ndipo pa kuzikabili. Maji humwagwa chini ya shina, si juu ya majani, na asubuhi badala ya jioni. Miche hupandwa kwa nafasi ya nusu mita au zaidi, huegemezwa kwenye miti, na majani yote yaliyo chini ya shada la kwanza la matunda hukatwa, kwa kuwa ndiyo yanayorushiwa matone ya udongo wenye mbegu za kuvu. Matandazo huzuia matone hayo. Wakati wa mvua, kibanda chepesi cha miti minne na nailoni ang'avu juu, pande zikiachwa wazi, hufanya dhidi ya bakajani chelewa kazi ambayo viuakuvu vya msimu mzima havifanyi, na kwa tuta la mita tatu nailoni yake si ghali. Mankozebu na dawa za shaba ni kinga tu: hukaa juu ya jani na kuzuia mbegu za kuvu kuota, hazifuati ugonjwa uliokwisha kuingia ndani. Kuzipuliza juu ya madoa yaliyoenea ni kupoteza fedha. Madoa ya kwanza ya bakajani chelewa yakionekana, majani hukatwa yakiwa makavu na kutiwa kwenye mfuko. Mashina yakishaguswa, mmea hutolewa mzima ili kuokoa mingine.

Majani yaliyojikunja huzua hofu isiyo na sababu mara nyingi kuliko dalili nyingine yoyote. Majani ya chini yakijikunja kwenda juu kama bomba, yakawa mazito lakini ya kijani, na mmea unaendelea kuzaa, hilo ni itikio la joto au la kupogolewa sana, na halina madhara. Rasta ni jambo jingine. Virusi vya njano na mkunjo hushika ncha: majani machanga hubaki madogo, hujikunja kama kikombe, kingo zake huwa za njano, vifundo hukaribiana, maua hudondoka, na mmea ulioambukizwa ukiwa mchanga hauzai. Hubebwa na nzi weupe, wadudu wa urefu wa milimita 1 hivi wanaoruka kama vumbi jani likitikiswa, na nzi akishabeba virusi hubaki navyo maisha yake yote. Kwa hiyo kinga yote iko katika wiki za mwanzo. Kitalu hufunikwa kwa neti ya matundu madogo sana. Chandarua cha kawaida cha mbu hakitoshi, nzi mweupe hupenya. Kipande cha plastiki ya njano kilichopakwa grisi na kutundikwa usawa wa mimea huwanasa na kuonyesha wingi wao. Mmea wenye rasta hung'olewa siku hiyohiyo, hata kama una matunda matatu yanayotia huruma. Majani yaliyorefuka na kusokoteka kama kamba, bila njano, yaulizwe kwanza kama kuna aliyepuliza dawa ya magugu jirani, au kama nyasi za matandazo zilitoka shamba lililopulizwa.

Kisha kuna kantangaze. Nondo huyu mdogo wa kijivu, Tuta absoluta, asili yake ni Amerika ya Kusini. Aligunduliwa Hispania mwaka 2006, akavuka Afrika Kaskazini, na mwaka 2014 alikuwa ameingia Tanzania na Kenya. Madhara yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba jimbo la Kaduna nchini Nigeria lilitangaza hali ya dharura Mei 2016. Jike huweza kutaga mayai hadi 260, na kizazi kimoja hukamilika ndani ya wiki nne hivi kwenye joto. Funza huishi kati ya ngozi mbili za jani, akila nyama na kuacha ngozi. Matokeo ni kidirisha kipana cha rangi ya karatasi, kisicho na umbo maalumu, na ukikielekeza juani huonekana punje nyeusi za kinyesi, pengine na funza mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti na inzi mchoraji, ambaye huacha mstari mwembamba uliopindapinda na ambaye kwa bustani ya nyumbani ni wa kupuuzwa. Kantangaze huingia pia kwenye tunda, kwa kawaida chini ya kile kikofia cha kijani, ambako tundu lake la ukubwa wa ncha ya pini halionekani mpaka kikofia kiinuliwe.

Dawa humfikia kwa shida kwa kuwa amejificha ndani ya jani, na amejenga usugu kwa makundi mengi ya viuatilifu. Wingi wa dawa zilizopulizwa tangu 2014, pengine tatu zilizochanganywa kwenye bomba moja, uliua zaidi buibui na nyigu wanaomla kuliko yeye. Nyumbani mkono hushinda. Kila jani lenye kidirisha huchumwa siku linapoonekana, hutiwa mfuko mweusi wa plastiki, hufungwa na kuachwa juani wiki mbili; halitupwi kwenye mboji, maana funza atamaliza makuzi yake humo na kuruka. Beseni la maji ya sabuni lenye kivutio cha harufu ya jike, kinachouzwa kwenye maduka ya pembejeo, hunasa madume na kuonyesha idadi imepanda lini. Unga wa kokwa za mwarobaini, gramu 50 kwa lita ya maji, ukilowekwa usiku kucha, ukachujwa kwa kitambaa na kutiwa sabuni kidogo, hupunguza ulaji wa funza wachanga. Hupulizwa jioni kwa sababu jua huuvunja haraka. Dawa za bakteria ya Bacillus thuringiensis nazo hufaa funza akiwa mchanga. Minyanya iliyozeeka isiachwe imesimama baada ya mavuno, kwani huo ndio mtaji wa nondo wa msimu ujao.

Waliobaki ni wepesi zaidi. Funza wa vitumba hutoboa tunda kwa tundu kubwa la duara na huokotwa kwa mkono. Utitiri mwekundu huja na ukame: majani huwa na vidoa vya njano kama vumbi, kisha utando mwembamba kwenye ncha. Maji ya kasi upande wa chini wa majani kila baada ya siku mbili, pamoja na maji ya sabuni, huwarudisha nyuma wakikutwa mapema. Si wadudu, hivyo dawa za wadudu za kawaida haziwagusi, na huua maadui wao.

Kuhusu mbolea, kosa la nyumbani ni kuzidisha. Urea kijiko baada ya kijiko hutoa mmea wa kijani kizito, mashina mazito na maua haba, ulaini ambao vidukari na bakajani chelewa huupenda. Samadi iliyooza, debe moja kwa mita ya mraba kabla ya kupanda, na mbolea ya kukuzia yenye potasiamu matunda yanapoanza kufunga, hutosha. Majani ya chini yakigeuka njano nzima, nitrojeni imepungua. Njano ikiwa kati ya mishipa tu, ni magnesiamu. Rangi ya zambarau chini ya majani ya miche ni fosforasi, na mara nyingi huondoka yenyewe udongo ukipata joto. Kingo za majani zilizoungua na tunda linaloiva mabakamabaka huashiria potasiamu, ambayo konzi la majivu ya kuni hutoa kwa bei nafuu, mradi udongo usiwe tayari wa chokaa.

Kiuatilifu kikilazimika, kipimo ni cha lebo na si cha kizibo, na siku za kusubiri zilizoandikwa ziheshimiwe kikamilifu, kwa sababu mlaji ni mtoto wa nyumba hiyohiyo, na kuku wanachakura chini ya tuta lilelile. Kwa Tanzania, lebo halali hubeba namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Dawa iliyogawanywa kwenye chupa ya soda haina namba wala maelekezo na haifai kununuliwa. Mankozebu yenyewe, ambayo utando wake huonekana kwenye nyanya za masoko mengi, Umoja wa Ulaya uliamua kutoihuisha idhini yake mwaka 2020. Mwenye minyanya kumi hana sababu kubwa ya kuitegemea.

Tatizo la mwisho hutokea kwenye kuiva. Juu ya nyuzijoto 30 rangi nyekundu haitengenezwi vizuri, na tunda hubaki la manjano au chungwa ingawa limelainika. Tunda lililoanza kupata rangi kitakoni linaweza kuchumwa na kuivia ndani ya nyumba, kivulini, likiwa na utamu uleule, na hivyo kuepushwa na joto, ndege na kantangaze. La kijani lililokomaa huivishwa kwa kufungwa kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Jokofu huharibu ladha ya nyanya ambazo hazijaiva. Mbegu za msimu ujao huchukuliwa kwenye aina ya kawaida, kama Tengeru 97 au Cal J, si kwenye chotara ya F1 ambayo watoto wake hutoka mchanganyiko. Huchaguliwa tunda la mmea uliomaliza msimu bila ugonjwa. Ute na mbegu huachwa kwenye kikombe siku mbili au tatu hadi uchachuke, mbegu zilizozama huoshwa na kukaushwa kivulini juu ya sahani. Zikiwa kavu na kufungwa pasipopita unyevu, huota vizuri kwa miaka mitatu au zaidi.